Mabaka kwenye Visu vya Yohana

Mnanijia na visu vyenye mabaka, mnavitandika hapa barazani, mnaniuliza, "Mzee, hapa tumekosea wapi?" Mnauliza kwa imani kubwa mpaka naona haya. Nimechovya visu kwenye tindikali zaidi ya miaka thelathini hapa hapa Temeke, nikianzia enzi za Mwingereza, na kama mnadhani miaka yote hiyo nilikuwa najua ninachokifanya, basi mnanipa sifa isiyo yangu. Muda mwingi nilikuwa nimechanganyikiwa. Ngoja niwaeleze jinsi nilivyochanganyikiwa, labda itawafaa kuliko majibu.

Kwanza mjue kwa nini tulikuwa tunajisumbua. Visu vyetu tulivifua kwa springi za malori yaliyokufa. Chuma kile kinashika makali mpaka kinatisha, lakini hakiiwezi hewa ya Dar es Salaam. Ukikiacha bila kukipaka mafuta siku mbili tu, kinaota kutu. Dawa yake ilikuwa kukichovya kwenye tindikali nyepesi, ule weupe wa chuma ugeuke kijivu kilichokoza. Rangi ikishika sawasawa, kutu inachelewa kuingia. Ikishika kwa mabaka, hapa pamekoza na pale peupe, kutu inaanzia pale peupe, na mteja anarudi na maneno.

Tindikali yetu ilikuwa siki ya dukani tuliyoikamulia ndimu, ndani ya chungu kirefu kilichokaa juani mpaka kikawa vuguvugu. Msidhani hatukujaribu makubwa. Siku moja fundi wa magari wa Keko alinipa maji ya betri, akaniapia kwamba kisu kitakuwa cheusi kabla sijamaliza kusema bismillahi. Kweli kilikuwa cheusi, kikatoboka vishimo pia. Ambacho sikukiona ni matone yaliyorukia kanzu yangu iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba hapo karibu. Ijumaa nikaivaa, nikaenda msikitini. Nilipoinama kurukuu, nyuma yote ikafunguka kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na aliyekuwa safu ya nyuma yangu alikuwa baba mkwe. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile mpaka anakufa.

Basi nikarudi kwenye siki na ndimu, na nyie nawashauri mrudi.

Karakana ilikuwa uani kwa mjomba wangu Mbaruku, ambako pia ndiko tulikoishi. Upande mmoja ulikuwa moto, mvukuto na fuawe. Upande wa pili lilikuwa jiko la mke wangu, Mwanahawa. Pipa la maji lilikaa katikati, likitumika huku na huku. Wafanyakazi tulikuwa watatu. Mjomba ndiye aliyekuwa fundi mwenyewe, alifua kisu kutoka kwenye springi. Mimi nilikuwa wa mwisho: kupiga tupa, kusugua msasa, kuosha, kuchovya. Katikati yetu alikuwa Yohana, Mnyamwezi wa Tabora, na kazi yake ilikuwa kutia matiko. Alikipasha kisu mpaka kiwe chekundu, akakizamisha kwenye mafuta machafu ya injini kiwe kigumu, halafu akakirudisha motoni kidogo tu kisije kikakatika kama kigae.

Sijaona mkono kama wa Yohana. Hakuwa na kipimo chochote. Aliangalia rangi ya moto akiwa amefumba jicho moja, akinung'unika wimbo wa kwao, na ukifika wakati wake alikuwa anajua tu.

Sasa Mzaramo kama mimi na Mnyamwezi ni watani, hilo hata nyie mnalijua, ingawa siku hizi utani wenu umepoa. Wakati ule utani ulikuwa kazi ya kutwa. Yohana akichelewa asubuhi, namwambia njia ya kutoka Tandale imemshinda kwa sababu mpagazi kama yeye hatembei bila mtu wa kumbebesha mzigo. Nikifiwa, anakuja kujilaza mahali pa maiti mpaka apewe kitu. Siku nzima tulikuwa tunarushiana maneno, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukasirika. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mabaka yalianza mwaka ambao Bwana Athumani, mwenye bucha, aliagiza visu arobaini kwa ajili ya Idi Kubwa. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Kundi la kwanza likatoka chunguni likiwa na madoa meupe, makubwa kwa madogo, kama ngozi yenye mba. La pili likatoka safi kabisa. La tatu likawa safi. La nne, mabaka tupu. Nikamwaga siki, nikaweka mpya. Mabaka. Nikabadilisha ndimu, nikadhani zimenunuliwa mbovu. Safi. Nikafurahi, nikawaambia watu ni ndimu. Kesho yake, kwa ndimu zile zile, mabaka.

Vijana, mambo haya yanamtia mtu wazimu. Kitu kikiharibika kila siku, utakitafuta mpaka ukipate. Kikiharibika leo na kesho kikakaa sawa, unaanza kutafuta hata kwenye mwezi. Nilifika mahali nikawa nachovya kisu huku nimegeukia upande fulani, kwa sababu siku ya safi nilikuwa nimegeukia huko.

Mambo ya kawaida niliyafanya yote. Kisu nilikining'iniza kwa waya kisiguse ukuta wa chungu. Nilikitikisa ili mapovu yasing'ang'anie chuma. Sikukishika bapa kwa vidole, nilishika kile kipande cha kuingilia kwenye mpini. Na kuosha, jamani, kuosha ndiko nilikokuwa najivunia. Mafuta yale ya injini yakibaki hata kidogo, tindikali haipiti chini yake. Kwa hiyo nilikuwa nimebuni chombo changu. Nilichukua kifumbu kikuukuu kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari jikoni, kile cha ukindu cha kuchujia nazi, nikakijaza jivu, nikalowesha, nikasugulia. Jivu lilikuwa linatoka kidogo kidogo kwenye matundu, na ukindu unakwaruza vizuri. Wahunzi wa mitaa mingine walikuja kukitazama. Nikimaliza, nakikung'uta na kukiacha kikauke karibu na pipa.

Naona mmeshaanza kutabasamu. Ni rahisi kutabasamu ukiwa umekaa kwenye mkeka unasimuliwa.

Yohana alikuja siku moja, akaokota kisu nilichokwisha kukiosha, akakipeleka puani.

"Wee Mzaramo," akasema, "kisu chako kinanuka nazi."

"Na wewe unanuka kwato za punda," nikamjibu. "Nazi umeijulia wapi? Kwenu si mnapikia karanga?"

Tukacheka. Siku nyingine, ilikuwa siku ya mabaka, akarudia: "Nakwambia kinanuka nazi. Mnapaka nazi kichwani, mnapaka miguuni, sasa mmeona mpake na visu?" Mwanahawa alicheka jikoni mpaka akaangusha mwiko. Nami nikamrushia Yohana gao la jivu, kama inavyopasa kumfanyia mtani, kazi ikaendelea.

Lakini Mjomba hakuwa anacheka. Mjomba alikuwa na fikra yake, na kwa haki ilikuwa fikra ya fundi. Chuma kikitiwa matiko vibaya, mahali pamekuwa pagumu na mahali pamebaki laini, tindikali itapakamata tofauti na utaona mabaka. Hiyo ni kweli hata leo. Kwa hiyo kila kisu chenye doa, Mjomba alikigeuza mkononi, akamtazama Yohana. Nami nilikuwa kimya, maana nilianza kuamini hivyo hivyo. Kwa nini nisiamini? Mimi nilikuwa nimeosha.

Yohana alikuwa ameshamwandikia mkewe barua aje na mtoto wao kwa gari moshi, wafike Idi ikiisha. Alikuwa amepata chumba kingine huko huko Tandale, akanieleza jinsi kilivyo na dirisha. Miaka mitatu alikuwa hajaiona sura ya mtoto wake. Bila kazi kwa Mjomba, chumba kisingekuwepo, na wale wawili wangeshuka kwenye gari moshi hawana pa kwenda. Nilikuwa najua yote hayo. Nawaambia ili msinifanye mtu mwema.

Siku kumi kabla ya Idi, Athumani alikuja kutazama visu vyake. Mjomba akafunua gunia. Kumi na viwili vilikuwa na mabaka. Athumani akakwaruza doa kwa ukucha, akasema taratibu, "Fundi, hivi wateja wangu wakiviona watadhani nyama yangu ina ugonjwa."

Mjomba akasimama. "Mkono wa huyu umeharibika," akasema mbele yetu wote. "Kuanzia leo hashiki moto wangu."

Yohana alivua aproni ya ngozi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya fuawe pamoja na koleo. Halafu akachukua kisu kimoja cha mabaka, akakileta mpaka usoni pangu.

"Nusa."

Nikanusa. Chuma. Jivu. Basi.

"Sisikii kitu, Yohana."

Alinitazama sana. Nikangoja atanie, ili nami nipate la kumjibu. Hakutania. Akaondoka.

Kesho yake ndugu za Mwanahawa waliingia kutoka Kisarawe, watu kumi na mmoja, kusubiri sikukuu na kumsaidia kumaliza akiba ya mchele. Ua ukajaa. Kulikuwa na visu tisa ambavyo Yohana alikuwa ameshavitia matiko kabla hajafukuzwa, vinaningoja mimi. Nikaenda kutafuta kifumbu changu, sikukiona. Sikuwa na nafasi ya kuulizana na watu katika ghasia ile. Nikaokota makumbi ya nazi, nikayapasua, nikasugua kwa jivu na makumbi, nikachovya.

Vikatoka safi. Vinane vilikuwa safi kuliko kisu chochote nilichowahi kukitoa kwenye chungu kile. Cha tisa kilikuwa na doa moja tu, dogo, mfano wa kidole gumba.

Mjomba alifurahi mno. Alivipanga juani, akapiga kofi. "Umeona? Nilisema mimi! Ameondoka, na mabaka yameondoka naye."

Nami nikasema, "Ndiyo, mjomba." Nilikwenda mpaka kwenye pipa, nikanawa, nikarudi, nikavitazama tena. Visu vile tisa vilikuwa vimepita mkononi mwa Yohana. Moto ule ule, mafuta yale yale, mtu yule yule. Nikakaa kwenye gogo. Kama si yeye, ni nani? Siki haikubadilika, ndimu ni zile zile, hata nilikogeukia sikumbuki nilikuwa nimegeukia wapi. Nilikaa pale nikiwa sijui hata nianze kuwaza kutokea upande gani.

Jibu lilitoka jikoni. Wageni walikuwa wanakula, na shangazi wa Mwanahawa, mama mmoja mwenye sauti, akaacha kutafuna. "Mwanangu, huu wali umeupika au umeuzika? Una mchanga."

Mwanahawa akatoka nje amekasirika, ameshika kifumbu kikuukuu, akaniita. "Baba Hadija, hebu njoo uone. Kila wakija wageni wali wangu unakuwa na mchanga! Nimemsema muuza mchele, nimemsema na mumewe, kumbe mtu anatia majivu kwenye kifumbu changu!"

Mimi nilikuwa nakichukua bila kusema, nikidhani kimetupwa. Yeye alikuwa anakikuta karibu na pipa, akidhani mtu amekiosha, anakisuuza na kukitumia siku za wageni, maana kile kipya peke yake hakitoshi. Akimaliza, anakitundika kwenye msumari. Nami nakuja kukichukua tena, kimelowa tui mpaka ndani ya nyuzi, nakijaza jivu, naosha visu. Siku wageni hawapo, jivu linakula mafuta yaliyobaki na visu vinatoka safi. Tukakaa sote wawili juu ya gogo, tukahesabu siku. Siku ya arobaini ya jirani: mabaka. Siku alipokuja dada yangu: mabaka. Siku ya maulidi ya watoto: mabaka.

"Muuza mchele wa watu nimemtukana bure," akasema Mwanahawa.

Nilikuwa namwona Yohana ameshika kisu mbele ya uso wangu. Sie tunapika kwa nazi, tunajipaka nazi, mito yetu inanuka nazi, mpaka pua zetu zimeacha kuisikia. Katika ua ule mzima pua iliyokuwa macho ilikuwa moja, ya mtu aliyekulia karanga na asali, na mwenye pua ile tulimcheka kwa sababu alikuwa mtani.

Sikutaka kwenda kwa Mjomba na maneno matupu. Nikachukua kisu kingine, kimoja cha mabaka nilichokipiga msasa upya. Nusu ya bapa nikaiosha kwa kifumbu, nusu kwa makumbi, nikachovya. Kikatoka kimegawanyika katikati, huku kijivu safi, huku ukurutu. Nikamwekea Mjomba mapajani.

Alikigeuza huku na huku. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mjomba."

"Athumani asijue," akasema. "Nimeshatamka mbele yake. Yule kijana ana mkono mzuri, atapata kazi kwingine."

"Mkewe anakuja, mjomba."

Akaanza kuvuta mvukuto ingawa hakukuwa na chuma motoni. Mjomba ndiye aliyenilea. Sikuwahi kutoka ndani ya ua ule bila kumuaga. Siku ile nilitoka.

Nilikwenda Tandale kwa miguu, wakati ule ikiwa ni mashamba zaidi kuliko nyumba, nikiwa na kile kisu cha nusu kwa nusu ndani ya kikapu. Nilimkuta Yohana amekaa mlangoni pa chumba chenye dirisha, anafunga virago vyake kwa kamba, maana mwenye nyumba aliposikia hana kazi alimpa siku tatu ahame. Nikampa kisu. Alikinusa upande mmoja, akakinusa upande wa pili.

"Nilikwambia mara tatu," akasema.

"Nilidhani unatania."

"Mara mbili nilikuwa natania na kusema kweli pamoja. Ile ya tatu sikutania kabisa, na wewe uliona." Akaweka kisu chini. "Narudi. Lakini aliyenifukuza alinifukuza mbele ya Athumani. Na iwe mbele ya Athumani."

Nilirudi Temeke. Athumani alipokuja kuchukua visu, Yohana alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, hajaingia, hajakaa nje. Nikasema. Nilisema yote: kifumbu, tui, wageni, wali wenye mchanga. Nilisema kwamba mkono ulioharibu visu ni huu wangu, na kwamba nilikaa kimya akifukuzwa mwingine. Athumani alicheka mpaka akashika nguzo, akasema miaka yote hajawahi kuuziwa visu vilivyoungwa kwa nazi. Yohana hakucheka. Mimi sikucheka. Sote wawili tulikuwa tunamtazama Mjomba.

Mjomba alikuwa ameinama, anachokoa makaa. Halafu akachukua ile aproni ya ngozi juu ya fuawe, ilikuwa bado imekunjwa vile vile, akaishika kwa mikono miwili, akainyoosha kuelekea mlangoni.

"Moto unapoa, Yohana," akasema.

Hilo ndilo neno pekee la kuomba radhi nililowahi kulisikia kwa mjomba wangu. Yohana aliingia. Mkewe alishuka na mtoto wiki moja baada ya Idi, na Mwanahawa aliwapikia wali, kwa kifumbu kipya.

Tangu siku ile sikuchovya kisu kabla Yohana hajakinusa. Akitikisa kichwa, naosha tena. Miaka minane hivyo, na hatukupata mabaka. Halafu babake akafa, zikiwa siku za mwisho za Mwingereza, akarudi kwao Tabora na familia yake, akabaki huko.

Mnataka jibu, nitawapa nililonalo. Mimineni maji kwenye bapa. Yakitandaa, chuma ni safi. Yakijikusanya matone, kuna mafuta. Hilo nilijifunza baadaye, na linasaidia. Lakini kile kisu cha tisa, chenye doa la kidole gumba, ninacho kabatini mpaka leo. Kilioshwa kwa makumbi, siki ile ile, moto ule ule. Nimekipiga msasa na kukichovya upya mara nne tangu Yohana aondoke. Maji yanatandaa vizuri kabisa, na doa linarudi pale pale. Kila mara nakipeleka puani kwanza, nafumba macho, nanusa kwa nguvu zangu zote. Sisikii kitu. Basi nakichovya hivyo hivyo.